Kumi ni Saba, Tatu na Mwalimu

Jamani, aibu nyingine mtu huzikwa nayo, lakini hii yangu hata nikinyamaza watu wa Garsen watawasimulia, kwa hiyo afadhali muisikie kwangu mwenyewe.

Miaka ya hamsini hiyo, mimi kijana wa Kipokomo, mtoto wa mashamba ya mpunga, nimetoka chuo cha ualimu juzijuzi (kiburi bado kibichi), nafundisha darasa la kwanza karibu na Minjila. Somo lilikuwa kugawa namba: kumi ni sita na nne, kumi ni nane na mbili. Tulitumia kokwa za matunda ya makoma, lakini watoto wa wafugaji wa Kiorma walizichezea tu, macho dirishani kwa ng'ombe. Mzee Galgalo, baba yake mwanafunzi wangu Habiba, akasema atakuja siku ya wazazi kujionea. Asipoona faida, watoto wote wanane wa boma lake wanahama na mifugo kwenda Bangale. Wanane! Darasa langu lingebaki nusu, na Habiba ndiye aliyekuwa na maswali kuliko wote.

Hapo nikapata akili (naiita akili): nifundishe kwa ndama. Nikaenda kwa mama yake Habiba, nikaazima ndama kumi wanaobaki nyumbani mama zao wakiwa malishoni. Mzee hakuambiwa, nilitaka kumshangaza.

Basi siku yenyewe wazazi wamekaa, nimechora mstari wa majivu uwanjani, ndama saba upande huu wameshikwa na watoto, watatu upande wangu nimejifunga kamba zao kiunoni ili mikono ibaki huru, nikanyoosha kidole na kuanza kwa sauti ya hotuba, "Mmoja! Wawili! Watatu!"

Mzee Galgalo akasimama. "We mwalimu! Ng'ombe ya mtu unahesabu kwa kidole mbele ya watu? Unataka ipotee?"

(Kwao mifugo ya mtu haihesabiwi hadharani, ni kuikaribishia balaa. Mimi mtoto wa mpunga ningejuaje? Ningeuliza, ndivyo ningejua.) Nikatabasamu, nikaendelea. Nilipotamka "kumi", ng'ombe walikuwa wanateremka mtoni kunywa maji, mmoja akalia, na ndama wote wakaitika. Watoto wakaachia kamba, wao wana akili. Yangu ilikuwa kiunoni. Nikapita mbele ya wazazi kwa tumbo mpaka kwenye tope la ukingoni, suruali imechanika goti hadi kiunoni, na nyuma yangu darasa zima linaimba, "Kumi ni saba, tatu na mwalimu!"

Mzee akafika, hata hakunitazama. Akawaangalia ndama mara moja, bila kuhesabu. "Mtoto ya ile nyekundu ya pembe moja hayuko."

Nikajisemea, balaa ndiyo hiyo. Ndama amepotea, na watoto wanane wanaondoka na mzee.

Habiba akasema polepole, "Basi kumi ni tisa na mmoja, baba. Tisa hawa hapa. Tutafute mmoja."

Tisa na moja tulikuwa hatujaifikia! Mzee akamgeukia binti yake, akamshika bega. "Haya, tumtafute huyo mmoja."

Yule ndama tukamkuta darasani anatafuna kofia yangu. Mzee akacheka mpaka akaiegemea fimbo yake. "Watoto nakuachia, mwalimu. Ndama yangu hasomi tena."

Nilifurahi hata nikasahau kushikilia suruali. Tangu siku hiyo mali ya mtu siigusi kabla ya kumuuliza mwenyewe, na namba nagawa kwa kokwa za makoma. Kokwa hazina mama wa kuziita.