Ndoo ya Maua Kwenye Kiti cha Kinyozi

Octavian alikuwa kinyozi asiyejua utani. Saluni yake iko Mikumi, kando ya barabara kuu, pale malori ya Iringa yanapopunguza mwendo na makondakta wanaposhuka kununua mahindi ya kuchoma. Babu yake alikuja Kimamba kukata mkonge, baba yake akafanya kazi ya reli Kilosa, naye akaona heri akate kitu kisichochoma. Mteja akikaa, awe diwani au mpiga debe, alifungwa kitambaa shingoni na kuulizwa swali moja: "Tukate vipi?" Na sheria ya saluni haikuwa na ubishi. Aliyetangulia kufika ndiye aliyetangulia kunyolewa.

Ndiyo sababu hakushtuka asubuhi ile Gaudiosa, mwenye nyumba ya wageni nyuma ya soko, alipoingia akihema na ndoo ya maua kifuani.

Maua yenyewe aliletewa na binti yake Loveth, anayeishi Morogoro. Yanaitwa sedamu. Majani yake ni manene, yamejaa maji, na yakichanua hutoa vimaua vya pinki vinavyokusanyika juu kama sahani. Gaudiosa aliipenda mimea hiyo kupita kiasi. Aliimwagilia asubuhi na jioni, akaiwekea samadi, akaihamishia kivulini isiungue. Ikarefuka, ikalegea, ikalala kila upande kama watu waliozidiwa na pombe ya harusi.

"Mama, umeishibisha mno," Loveth alimwambia kwenye simu. "Punguza maji, irudishe juani, halafu ikate mpaka nusu, juu kidogo ya jani. Pale pale itatoa matawi. Itasimama yenyewe na maua yatakuwa mengi."

"Nusu? Loveth, nusu?"

Gaudiosa alichukua kisu, akakirudisha jikoni. Akachukua mkasi wa cherehani, nao akaurudisha. Mwisho akamkumbuka mtu pekee pale mjini anayekata watu vitu vyao na bado wakamshukuru.

"Octavian mwanangu, nimekuletea huyu," alisema, akaiweka ndoo kwenye kiti.

Dakika hiyo hiyo akaingia Mwalimu Herman, mstaafu aliyefundisha miaka mingi Berega. Utosini alikuwa amebakiwa na nywele chache nyeupe, nazo alizilinda kama shamba la mwisho la ukoo.

"Shikamoo Mwalimu," alisema Octavian.

"Marahaba. Toa hiyo ndoo nikae."

"Samahani Mwalimu, imekutangulia."

"Nani amenitangulia?"

"Ndoo."

Mwalimu alitazama ndoo, akamtazama Gaudiosa, akaketi kwenye benchi kwa hasira. Octavian akaifunga ile ndoo kitambaa, akakigeuza kiti kielekee kioo, akauliza: "Tukate vipi?"

"Nusu," alisema Gaudiosa, akafumba macho. "Juu kidogo ya jani."

Mashine ilikataa. Ilisaga jani moja, ikatema maji hadi kwenye kioo. Octavian akachukua mkasi, akaufuta kwa spiriti, akaanza kukata shina moja moja, akiinama kuangalia jani lilipo kabla ya kukata. Alipomaliza aliipangusa ndoo kwa brashi. Gaudiosa alifumbua macho, akalia kidogo, akaibeba kama mtoto aliyetoka kuchomwa sindano. Halafu Mwalimu akanyolewa. Vipande vya sedamu na nywele za Mwalimu vikafagiliwa pamoja, vikatupwa nyuma ya saluni.

Majuma yakapita. Sedamu alizowagawia majirani zikachanua, ya Gaudiosa haikuchanua. Ilikuwa fupi, imejaa vichipukizi, bila ua hata moja. Akaacha kumsalimia Octavian. Akipita saluni anageukia upande wa pili wa barabara. Octavian aliumia. Hakuwahi kumharibia mtu kichwa.

Mvua za kwanza zikanyesha. Mpiga debe mmoja aliyekwenda kujisaidia nyuma ya saluni akarudi mbio.

"Jamani! Nywele za Mwalimu zimeota!"

Watu wakajaa. Kweli, vipande vilivyotupwa vilikuwa vimeshika mizizi. Katikati ya nywele yalisimama majani manene ya kijani, yamenona. Habari zikamfikia Mwalimu Herman akiwa anakunywa chai. Alijishika utosini. Na kwa bahati mbaya, katika majuma yale yale, zile nywele zake za mwisho zilikuwa zimekwisha.

"Kumbe zilikohamia ni huku," alisema alipofika.

Ikabidi aitwe mwenyekiti wa kitongoji, Mama Raheli. Alikaa kwenye kiti cha kunyolea, akasikiliza kwa utulivu kama kesi ya mpaka wa shamba.

"Shina ni langu," alisema Gaudiosa.

"Mbolea ni yangu," alisema Mwalimu.

"Mwalimu, hapa wananyolewa watu wengi. Utajuaje ni nywele zako?" aliuliza mwenyekiti.

"Zangu nyeupe."

Mwenyekiti akatoka nje, akainama, na watu wote wakainama naye. Zilikuwepo. Nyeupe kabisa, zimeshikamana na mizizi.

"Na wewe Octavian, unadai nini?"

"Sidai kitu, Mama. Mimi nilifagia tu."

Mwenyekiti alifikiri, kisha akaamua: mashina yakatwe tena, Gaudiosa achukue nusu, Mwalimu achukue nusu, na mimea iliyo karibu na nywele nyeupe iwe ya Mwalimu moja kwa moja. Octavian akaleta mkasi. Akawaeleza wasipande siku hiyo hiyo, waache kwanza vidonda vikauke kivulini, visije vikaoza. Mwalimu alivipokea vipande vyake kwa mikono miwili.

Mara baada ya hapo ndoo ya Gaudiosa ikachanua. Ilichelewa, lakini ilivyochanua! Palipokuwa na shina moja palikuwa na matawi, na kila tawi lilibeba sahani yake ya maua, yamesimama wima bila fimbo. Nyuki wakaja, wageni waliokwenda mbugani wakapiga picha. Gaudiosa alivuka barabara mwenyewe na sahani ya vitumbua.

"Mwanangu, nilikukosea," alisema. Octavian akala, masikio yake yakachangamka.

Mwalimu Herman, ambaye tangu mkewe afariki alikuwa hazungumzi na mtu zaidi ya salamu, siku hizi huja saluni kila mara. Hana cha kunyolewa. Anakuja na ndoo yake, anakaa kwenye benchi, anaeleza maendeleo ya mimea kama alivyokuwa akieleza ya wanafunzi. "Huyu wa katikati ana bidii," anasema. "Yule wa pembeni mvivu, mpunguze kichwa."

Na wengine wamefuata. Wiki iliyopita alifika mkulima kutoka Lumuma na furushi la miche ya vitunguu, akaketi zamu yake ilipofika, furushi mapajani.

Octavian aliitazama ile miche, akakunjua kitambaa.

"Vitunguu sijawahi," alisema. "Tukate vipi?"