Masufuria ya Matanga

Asubuhi moja, kabla mambo hayajaharibika, tulikuwa tunapika wali wa harusi. Mwanangu Shabani akaja amebeba sufuria kubwa kuliko yote, amelivaa kichwani limemfunika mpaka mabegani, huku analipiga kwa vidole na kuimba ovyo. Bi Tatu akamfokea, "We mtoto, hilo sufuria la watu! Ukilibonyeza utalipa wewe?" Shabani akajibu kutoka humo ndani, sauti imekuwa nene, "Mimi nitaolea humu humu, bibi!" Tulicheka mpaka moshi ukatuingia machoni. Naanza na hilo ili mjue kwamba alikuwa mtoto wa kawaida. Watu hawapendi kuniamini, na siwalaumu.

Mimi ni Somoe, mzaliwa wa Mbuchi, kule deltani, niliyeolewa kijiji kimoja cha ndani kidogo kutoka Bungu. Mume wangu alikufa kwa homa Shabani angali ananyonya. Nililima mihogo na ufuta, nikauza korosho za kukaanga kwa abiria wa mabasi. Lakini kazi iliyonipa jina ilikuwa kutunza vyombo vya Mfuko. Mfuko ulikuwa na jina refu kwenye mhuri wake, ila sisi tuliuita Mfuko tu. Ulizaliwa pale duka la ushirika lilipokufa, mambo ya soko huria yakaingia, na kila kitu kikawa cha kununua, hata sanda. Mtu akifiwa anahangaika na msiba huku anahangaika na mwenye duka. Ndipo Bi Tatu na wanawake wenzake wakaanza kuchanga, huyu kibaba cha mchele, yule nazi. Wakanunua masufuria, majamvi, na jora la sanda. Baadaye mfanyabiashara mmoja wa korosho, mwana wa huku huku anayekaa Dar, akaongeza mkono wake. Nyumba yoyote iliyofiwa, masufuria yanakwenda. Hakuna kuomba mara mbili. Funguo ya chumba cha vyombo niliifunga kwenye pindo la kanga, na kusema kweli nilikuwa naringa nayo.

Shabani alipata kazi ya kuendesha pikipiki ya mtu. Pikipiki za Kichina ndiyo kwanza zilikuwa zimejaa, kila kijana anataka moja. Akapata marafiki nisiowajua kwa majina ya mama zao, na hapo ningepaswa kushtuka, maana kwetu kijana asiyejulikana mamaye si rafiki wa mtu. Akaacha kuimba. Siku moja akaniambia wali wa maulidi ni haramu. Nikamjibu, "Haramu umeila tangu utoto, na tazama ulivyonenepa." Zamani angecheka. Safari hii alinitazama kama mgeni aliyekosea nyumba. Haikupita muda akasema anakwenda Mbuchi kwa mjomba wake kukata boriti.

Kaka yangu Seif akanipigia simu kutoka huko. "Dada, huyo mtoto mbona hajafika?"

Nilikata simu. Tangu siku hiyo kila aliyeniuliza nilimwambia Shabani yuko Mbuchi, anakata boriti. Nilisema mpaka nikajua kulisema bila kumeza mate.

Kisha wakaanza kuuawa viongozi wa vijiji. Leo huyu, kesho yule wa kule. Watu wanakuja na pikipiki, wanapiga, wanaondoka, na msitu unawameza. Hakuna aliyewajua, au waliowajua hawakusema. Maduka yakafungwa jua lingali juu. Wanaume waliokuwa na cheo chochote, hata cha kuitisha mikutano, wakahamia Kibiti mjini kulala kwa ndugu. Wengine waliacha mihuri mezani na kwenda Dar moja kwa moja. Na pale kijijini watu wakaanza kuhesabu vijana waliokosekana. Mwanamke mmoja akaniuliza kisimani, "Shabani bado yuko Mbuchi?" Akalivuta lile "bado" mpaka likawa refu kama kamba ya ndoo. Nikasema yuko. Wenzake wakainamisha vichwa, na mmoja akacheka puani.

Jirani yangu alikuwa Zuhura. Nyumba yake na yangu zilitenganishwa na ua wa makuti tu, tena uliochakaa. Tukiombana chumvi hatukuzunguka, tulipitisha mkono. Mumewe, Athumani, alikuwa mwenyekiti wa kitongoji, mtu mpole, kazi yake kubwa kusuluhisha kesi za mbuzi walioingia mashambani. Zuhura alimsihi ahame. Athumani akasema, "Mimi nimemkosea nani?"

Alasiri ile nilikuwa nyuma ya nyumba nasugua sufuria kwa majivu na makumbi. Nikasikia pikipiki. Mbili.

Hazikupita.

Nikachungulia kwenye ua. Athumani alikuwa ameketi barazani, koti la kanzu pajani, anashona kifungo. Akainua macho kama mtu anayetaka kuitikia salamu.

Risasi ya kwanza haikuwa na kelele niliyoitarajia. Ya pili ndiyo ilinipiga masikioni.

Walikuwa wamefunga nyuso kwa vitambaa. Mimi sikumtazama Athumani. Nitalisema hivyo hivyo lilivyo: mtu anakufa mbele yangu, jirani yangu aliyenichimbia choo mume wangu alipofariki, na mimi nilikuwa natazama miguu ya wale vijana, mguu mmoja mmoja, kuona kama kuna wa mwanangu.

Mmoja alivaa buti. Wa nyuma yake alivaa raba. Wengine niliwaona visigino tu.

Sikuujua mguu hata mmoja. Nilishukuru Mungu. Alhamdulillahi ilinitoka mdomoni kwa sauti, na wakati huo huo Zuhura akatoka mlangoni akapiga ukelele.

Hadi leo sijui kama alinisikia.

Mazishi yakawa ya haraka. Kwetu maiti hukimbiliwa na kijiji kizima, mtu akikosa kwenye msiba anatafutiwa sababu, na asipokuwa nayo anatengwa. Siku ile wanaume waliolibeba jeneza walikuwa wachache mpaka mabega yakawa hayapati kupokezana. Kila mmoja aliogopa kuonekana analia kwa mwenyekiti. Aliyesimama ni Bi Tatu. Alikunja kanga, akaniambia, "Somoe, leta funguo. Wasipokuja wa kula, tutapika wa kupika." Tukapika. Nilikoroga wali mpaka mikono ikatoka malengelenge, na watu wachache waliokuja wakanisifu, wakasema Bi Somoe ana moyo. Moyo gani? Sikupika kwa thawabu. Nilipika nipate kuinamia sufuria, nisitazamwe.

Na mjue kwamba tangu hapo hakuna aliyeniita Mama Shabani. Nilikuwa Bi Somoe, kama mwanamke asiyezaa.

Zuhura alipaswa kukaa eda nyumbani kwake, lakini nani angemwacha mjane na watoto kwenye baraza lile? Mfuko ukapanga chumba Kibiti mjini, wakawekwa humo wajane wa vijiji mbalimbali. Bi Tatu akasema, "Eda ni stara. Tutaihamisha stara, haijakatazwa." Wanawake wa Kibiti walipokezana kuwapelekea maji na chakula. Yule mfanyabiashara wa Dar akaleta mchele na maharage. Shule yetu ikapikiwa uji, maana watoto walikuwa wanashinda njaa, wazazi wakiogopa kwenda mashambani. Serikali ilikuja na askari na magari yake, na hiyo ni habari ya wengine kuisimulia. Mimi nasimulia uji, maana ndio nilioukoroga.

Hali ikatulia kidogo kidogo, jinsi homa inavyoshuka, hujui ni saa gani. Watu wakarudi. Zuhura naye akarudi. Mfuko ukagawa mbegu za ufuta na jembe kwa kila nyumba, na mimi nikasimama kwenye mstari pamoja na wenzangu. Nilipofika mbele, mwanamke mmoja nyuma yangu akasema, si kwa nguvu, "Mchuma janga hula na wa kwao. Huyu wa kwetu analishwa na tuliochumiwa." Nilipokea jembe. Ningefanya nini? Nilikuwa na njaa kama wao. Lakini nililibeba nikipitia vichakani, kama nimeliiba.

Ufuta ulipoanza kutoa maua, kaka yangu Seif alikuja mwenyewe kutoka Mbuchi. Mtu wa delta hapandi gari kuja nchi kavu bila simu ila kwa jambo. Akaniambia, "Kaa kwanza, dada." Nikakaa. Akasema kuna mtu aliyemjua Shabani kwa sura, amemwona amekufa ng'ambo ya mto, na wamemzika huko huko, watu wasiojua hata jina lake.

"Alivaa nini miguuni?" nikauliza.

Seif akanitazama, asinielewe. "Dada, sikuuliza."

Nilitaka kulia nikaona aibu kulia. Zuhura alikuwa upande wa pili wa ua anatwanga, na mtwangio ukasimama.

Sasa ndipo lilipokuja la masufuria. Mwanangu kafa bila kuoshwa, bila sanda, bila mtu wa kumsomea. Nilichokuwa nimebaki nacho kumfanyia ni matanga tu, watu wakae, waseme Mungu amrehemu, wale wali, waondoke. Nikikosa hilo, basi atakuwa amekufa kama mbwa wa barabarani. Na funguo ninayo mwenyewe kiunoni! Lakini mtunza vyombo anaweza kuvitoa kwa misiba yote isipokuwa huu. Nikaenda kwa Bi Tatu, nikaifungua kwenye pindo, nikaiweka mbele yake.

Wanawake wa Mfuko wakakutana uani kwake. Mimi nilikaa nje, kwenye kinu kilicholazwa, nasikia kila neno.

"Mfuko huu ni wa wafiwa," alisema Bi Tatu. "Haya, nani ataniambia huyu hakufiwa?"

"Kafiwa na muuaji," sauti ikajibu.

Hakuna aliyemkemea.

"Aibu ya maiti aijuaye mwosha," Bi Tatu akasema, "na huyu hata wa kumwosha hakupata. Zuhura, wewe ndiye mwenye haki ya kusema. Unasemaje?"

Nilikiuma kidole changu. Nilijua akisema hapana hakuna wa kumpinga, na mimi mwenyewe nisingempinga.

"Masufuria si yangu," Zuhura akasema. "Yalikuja kwangu. Sikuambiwa ni yangu."

Basi yakatoka. Bi Tatu aliyabeba na Seif, wakapiga mafiga uani kwangu, majamvi yakatandikwa. Bi Tatu alipika mwenyewe, akanikatalia hata kushika mwiko. "Leo wewe kaa kama wafiwa wanavyokaa." Alipika sufuria kubwa, lile lile la harusi. Nikamwambia apike dogo. Akasema, "Nyamaza, Somoe. Tutapika la kijiji."

Kijiji hakikuja.

Mwalimu wa msikiti alikuja, akasoma dua fupi akiwa amesimama, akaondoka na viatu mkononi. Alikuja mzee mmoja asiyesikia vizuri, akauliza nani amekufa, alipoambiwa akanyanyuka. Majamvi yalibaki yametandikwa hivyo hivyo. Wali ukaanza kupoa. Bi Tatu alikuwa anaufunika na kuufunua, anaufunika na kuufunua, na mimi nilitamani ardhi inifiche, si kwa sababu ya watu, kwa sababu ya wali ule. Ulikuwa mchele wa sadaka, mchele wa wajane, na umepikwa kwa ajili ya Shabani.

Watoto ndio waliouokoa. Walikuwa wanatoka madrasa, wakasikia harufu, wakasimama kwenye mlango wa ua wanasukumana. Bi Tatu akawapungia mkono. Waliingia wote, wakakaa kwenye majamvi, wakala kwa kelele, wakagombania ukoko. Miongoni mwao walikuwemo watoto wa Zuhura. Niliwaona, na niliona vidole vya mtu vimeshika makuti ya ua upande wa pili. Nikasubiri awaite. Hakuwaita. Bi Tatu akapakua sahani iliyojaa, akaifunika kwa kawa, akampa binti mkubwa wa Zuhura ampelekee mama yake.

Siku hizi watu husema Mfuko ulituponya. Kweli ulitulisha, ukatupa mbegu, na wale wajane wa chumba cha Kibiti kila mmoja ana kitu chake anachofanya. Lakini Athumani hayupo barazani, na kaburi la mwanangu silijui liko chini ya mti gani. Zuhura ana kaburi la kupalilia, mimi sina. Siyaweki kwenye mizani. Najua nikiyaweka upande wangu utainuka juu.

Kesho yake ya matanga Zuhura alikuja mwenyewe. Alizunguka, alikuja kwa mlango wa mbele, jambo ambalo hatukulifanya tangu tuwe majirani. Kwetu sahani ya mtu hairudishwi tupu. Utatia hata ndimu mbili, hata chumvi ya kuonja, ndivyo mtu anavyoambiwa kwamba bado mko pamoja. Sahani ya Zuhura ilikuwa imeoshwa vizuri, inang'aa, na haikuwa na kitu.

"Watoto wamekula," akasema. "Shika sahani."

Nikaipokea kwa mikono miwili.