Shoksi Niliziua Mimi, Lawama Akabeba Mama Mercy

Nitukane ukimaliza kusoma, usianze sasa. Nimekosa, na sikukosa kwa kutojua. Nilijua! Hilo ndilo linaloniuma hadi chakula hakipiti vizuri.

Mimi ni baba wa watoto wawili. Naishi Kimbo, hapa Ruiru, na kazi yangu iko kwenye kiwanda kimoja cha Thika. Kwetu ni Kakamega. Mke wangu nitamwita Mama Mercy, ingawa hatuna mtoto anayeitwa Mercy. Jina lake nimeshaliharibu mara moja, sitaki kuliharibu tena hapa.

Nina gari dogo la zamani. Nililinunua kwa mwenzangu wa kazini likiwa tayari limechoka, lakini unajua vile mwanamume hujisikia akiwa na ufunguo mfukoni. Hata kanisani nilikuwa nauweka juu ya Biblia ili waliokaa nyuma waone. Upuzi mtupu!

Krismasi iliyopita tulikuwa tunaenda nyumbani kwa gari letu kwa mara ya kwanza. Nikalipeleka kwa fundi wangu pale Kimbo alikague. Alilala chini ya gari, akaniita niiname niangalie. Shoksi za mbele, zile zinazomeza mitikiso ya barabara, zilikuwa zimelowa mafuta, na vumbi limeganda juu yake kama ugali uliokauka kwenye sufuria. Akashika gurudumu la kushoto, akalitikisa, likacheza. Akaniambia ile ball joint, kile kifundo kinachoshika gurudumu lisitoke mahali pake, imeisha. Halafu akasimama, akakandamiza boneti kwa mikono miwili na kuachilia. Gari zima likapanda na kushuka, likapanda na kushuka, halina haraka ya kutulia.

"Mzee, hii suspension imeenda," akaniambia. "Badilisha zote mbili za mbele na hiyo ball joint. Usipande nayo huko ocha kwenu hivi."

Unafikiri nilimjibu nini?

"Wewe weka raba tu. Iinuke."

Nikueleze hiyo raba ni nini. Ni vipande vigumu vinavyobanwa katikati ya springi ili gari lisimame juu. Haviponyi kitu. Springi iliyochoka inabaki imechoka, shoksi inayovuja inaendelea kuvuja, na gari linazidi kuwa gumu na kupigapiga kila kiungo. Lakini linaonekana refu! Na kwetu, mtu wa Nairobi akirudi Krismasi na gari lililokalia matako, watacheka hadi Pasaka. Wenyewe hawaangalii injini. Wanaangalia kama limesimama juu wakati limebeba watu na mizigo. Mimi nilitaka lisimame. Pesa niliyokuwa nimeiweka ya shoksi ikaenda kwa mablanketi na soda za kugawa.

Tulipakia hadi watoto wakakalia mizigo. Tulirudi na mahindi, mikungu ya ndizi na kuku. Na kweli, tulipofika kule nyumbani watu walilizunguka gari wakisema limesimama kama la mheshimiwa. Nilifurahi kama mtoto!

Sasa sikia sehemu yangu ya aibu.

Mama Mercy alikuwa amesomea udereva pale Ruiru kwa pesa yake mwenyewe, ya kuuza sabuni za maji. Tuliporudi, mwezi wa kwanza, nikaanza kumwachia gari siku ambazo natumia basi la kiwanda. Ungemwona akiendesha! Barabara zetu za ndani unazijua, tuta baada ya tuta, mengine wapangaji wa ploti wamejijengea wenyewe kwa mawe na mchanga. Yeye kila tuta analiingia pole, gurudumu moja kwanza, halafu lingine. Wa nyuma wanapiga honi, yeye hana habari. Sijawahi kuona dereva mwangalifu hivyo. Mimi ninayemcheka matuta nayaruka.

Gari likaanza kulia. Kong', kong', kila shimo. Ukishika breki boneti inainama. Tairi ya kushoto ikalika upande wa ndani hadi ikawa laini.

"Baba Mercy, gari inalia huku mbele," akaniambia. "Na inavuta kushoto. Si tuipeleke kwa fundi?"

Hapo ndipo ningesema. Sentensi moja tu: fundi aliniambia, nikapuuza. Lakini ulimi wangu wa ajabu ukasema hivi: "Gari ilikuwa mzima mpaka ulipoanza kuishika."

Akageuka, akaendelea na kazi zake. Nami nikajitia hamnazo, nikafungua redio.

Kosa hilo peke yake pengine angelisahau. Lakini mimi sikuishia nyumbani.

Sisi watu wa kwetu tunaoishi Ruiru tuna chama chetu cha kusaidiana wakati wa misiba na harusi. Tunakutana Jumapili baada ya kanisa, nyumbani kwa mmoja wetu. Jumapili moja zamu ilikuwa Gatongora, kwa mzee tunayemwita Mwenyekiti. Mama Mercy ndiye aliyekuwa kwenye usukani, mimi nimekaa kando yake na suti yangu. Tukaingia pale getini, kong', kong', kong'! Watu wote wakageuka. Wanaume waliokuwa wamesimama nje na vikombe vya chai wakanyamaza kutusikiliza.

"Bwana," Mwenyekiti akaniuliza, "si hii ndiyo gari tuliona nyumbani Krismasi imesimama vizuri? Imekuwa aje?"

Nikashikwa na aibu. Na mimi nikishikwa na aibu huwa natafuta wa kumtupia. Nikacheka kwa sauti, nikasema, "Muulizeni mama! Mimi nimempa gari, yeye ananirudishia ngoma. Msimwite Mama Mercy tena. Huyu ni Mama Kong'kong'!"

Watu walicheka hadi chai ikamwagika. Wanawake waliokuwa jikoni wakatoka kuuliza kuna nini, wakaelezwa, nao wakacheka. Mama Mercy alicheka kidogo pia, kwa sababu ungetaka afanye nini? Kisha akachukua sinia la vikombe akaingia ndani, na hakutoka hadi wakati wa maombi.

Kati ya waliocheka alikuwepo mama mmoja tunayemwita Madam. Ana shule ndogo ya chekechea huko huko Gatongora, na alikuwa ametoka kununua gari la kubebea watoto. Alikuwa anataka dereva mwanamke, mama mzazi, kwa sababu wazazi huwa na amani wakiona mtoto yuko na mama. Walikuwa wameshazungumza na Mama Mercy! Leseni ya kubeba abiria alikuwa ameshaifanyia mtihani akapita. Bado siku ya kuonyeshwa njia tu. Mke wangu alikuwa amemtobolea kila mtu siri hiyo, hata mama mboga. Kazi ya kwanza ya mshahara wa mwezi maishani mwake. Na mimi nilijua yote hayo nilipofungua mdomo wangu.

Ujumbe ulikuja kabla ya wiki kuisha. Madam aliandika kwa upole kwamba wazazi wa watoto wadogo ni waoga, na jina likishaanza kuzunguka ni vigumu kulizuia, kwa hivyo amempa mwingine.

Mama Mercy aliniletea simu nisome. "Mpigie," akaniambia. "Mwambie ulikuwa unatania."

Na mimi, Mungu anisamehe, nikamjibu, "Nitatania aje na gari inalia kila mtu akisikia?"

Subiri, bado hujasikia mbaya zaidi. Baada ya siku chache nilimkuta ameketi kitandani, hajawasha hata televisheni. Alikuwa anajaribu kukumbuka. Akaniambia labda ni lile tuta la karibu na kanisa, siku ya mvua, ambalo hakuliona. Au ni siku ile alipowabeba akina mama wa kwaya wakiwa wengi. Akaniangalia, akasema, "Pole kwa gari, Baba Mercy. Sikujua nimeiumiza hivyo."

Aliniomba msamaha! Na mimi nikasema, "Ni sawa, yameisha."

Nimeandika maneno hayo hapa na mkono unataka kuyafuta. Nilimsamehe mke wangu kosa langu mimi mwenyewe. Mtu wa aina gani anafanya hivyo?

Hakushika usukani tena. Nilimwambia aendelee, akasema hapana, asije akaua mtu. Akarudi kubeba mitungi yake ya sabuni kwa pikipiki, mguu mmoja ukining'inia upande, nami naenda kazini peke yangu na gari langu linalopiga ngoma. Hata wakati huo sikulipeleka kwa fundi! Ningelipeleka vipi? Fundi anajua.

Lakini chuma hakina aibu ya kumfichia mtu. Jumamosi moja tulikuwa tunaenda Kamenu, Thika, kuwaona wafiwa. Mimi ndiye niliyekuwa naendesha, yeye ameshika chupa ya chai ya kupelekea watu wa matanga. Tukafika kwenye tuta. Sikuwa na mbio, naapa. Tulishuka upande wa pili, nikasikia mlio mmoja mkubwa, na gari likaanguka upande wa kushoto kama mtu aliyevunjika goti. Tulipotoka nje, gurudumu la mbele lilikuwa limelala kifudifudi ndani ya madigadi yake. Ball joint imeng'oka! Ingekuwa kwenye barabara kuu, saa hizi ungekuwa unasoma tangazo letu la kifo.

Nikampigia fundi wangu, nikasahau kabisa kwamba yeye ndiye shahidi. Alikuja kutoka Kimbo na jeki na vyuma vyake, akainama, akaangalia, akanyanyuka akiwa amekasirika.

"Ngai! Mzee, si nilikuonyesha hii kitu kabla muende ocha? Nikakwambia ball joint imeisha, shocks zinamwaga oil. Wewe ukasema niweke raba tu."

Mama Mercy alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Kabla ya Krismasi?" akamuuliza.

"Eeh, mama. Hata mlikuwa hamjapakia. Muulize mzee, tuliangalia na yeye."

Alinigeukia. Nilidhani atapiga kelele, na laiti angepiga! Aliuliza tu, kwa sauti ya mtu anayeuliza saa, "Na mimi nilianza kuendesha hii gari lini?"

Nikainama kuangalia gurudumu. Fundi naye akaona kuna jambo, akarudi chini ya gari haraka. Mama Mercy akainama, akachukua ile chupa ya chai, akajifunga leso vizuri, akaenda matangani kwa miguu. Nilimtazama hadi akakata kona. Hakugeuka.

Nimelitengeneza gari, ndiyo. Mara hii sikuficha wala kupunguza. Shoksi mpya mbili za mbele, kwa sababu ukibadilisha moja tu upande mwingine unalivuta gari. Springi, zile raba za viungo, ball joint za pande zote mbili, na mwisho magurudumu yakanyooshwa kwa mashine. Zile raba za kuinulia gari nilizitoa kwa mikono yangu, nikazitupa. Sasa ukikandamiza boneti inapanda mara moja, inatulia. Gari halina sauti yoyote.

Siku niliyolirudisha nilimwita Mama Mercy asikilize. Nikalipitisha juu ya lile tuta la mbele ya ploti, huko na huko, kama mwendawazimu. Nikashuka, nikamnyooshea ufunguo.

"Nimesikia," akasema. "Umetengeneza gari. Bado ile ingine."

Nilijua ile ingine ni nini. Nikaenda kwa Madam, nikamweleza kila kitu nikiwa nimesimama. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniambia dereva aliyempata anafanya kazi vizuri na hawezi kumfukuza bila kosa. Halafu akasema, "Lakini baba, ungesema siku ile ile, tungecheka wewe, yaishe."

Nikaenda chamani. Nikaomba nafasi mbele ya watu wote, nikakiri kwamba gari niliharibu mimi, kwamba fundi alinionya nikakataa, kwamba mke wangu ndiye dereva mzuri kuliko wote waliokuwa mle ndani. Nikamaliza nikiwa bado nimesimama. Unajua walifanya nini? Walicheka! Mwenyekiti akapangusa machozi akasema, "Bwana, Mama Kong'kong' amekushika wapi mpaka unaongea hivyo?" Wengine wakapiga makofi. Nilirudi kukaa nikiwa na hasira ambayo sina wa kumpa, kwa maana kila jina walilomwita lilitoka mdomoni mwangu.

Ndugu yangu mwenye gari kuukuu, nakuomba. Likianza kupiga kong', likiinama ukishika breki, tairi ikilika upande mmoja, ukiona mafuta kwenye shoksi, usiongeze redio na usiongeze raba. Badilisha, tena pande zote mbili. Na kabla ya kuuliza nani aliliendesha mwisho, jiulize wewe fundi alikuambia nini. Kama aliyekosa ni wewe, sema siku hiyo hiyo, mbele ya wale wale waliomcheka mwenzako, kabla hawajazoea.

Kwa maana watu huzoea. Asubuhi ya leo gari la shule limepita kwa ploti yetu, limepunguza mwendo kwenye tuta na kuendelea. Mama Mercy alikuwa anafua, akainua kichwa akalitazama hadi likapotea. Mara jirani mpya, mama aliyehamia juzi na asiyejua lolote, akaita kutoka getini kwa heshima kabisa, "Mama Kong'kong', uko? Naomba sabuni."

Naye akapangusa mikono, akamjibu, "Niko, mama. Ingia."