Makaa na Almasi

Nikiwa shule ya kati Shinyanga, mwalimu wa sayansi alimpa kila mmoja wetu elementi moja achonge picha yake kwenye kipande cha ubao, kisha aipige chapa kwenye karatasi. Mimi nilipewa kaboni. Nilichonga gunia la makaa, na kando yake almasi, kwa kuwa mwalimu alisema vyote viwili ni kaboni. Wino tuliutengeneza kwa masizi na mafuta.

Likizo nilimwonyesha karatasi hiyo baba, aliyekuwa mlinzi kwenye mgodi wa almasi, nikamweleza kuwa makaa na almasi ni kitu kimoja.

“Nani kakudanganya?” akauliza.

“Mwalimu, baba.”

Kesho yake aliibeba karatasi kazini. Wenzake walicheka sana, ila fundi mmoja alimwambia ni kweli. Baba hakuirudisha, nami sikumdai.