Kobe na Kiti cha Mkunga

Saa mbili asubuhi, Kobe amesimama mbele ya daraja jembamba, mikono kiunoni. Lori limekufa katikati ya daraja na fundi amejilaza chini yake, miguu tu ndiyo inayoonekana.

"Bado kidogo, mkubwa," fundi anasema.

"Hiyo bado kidogo yako mbona haina mwisho?"

Kobe ni dereva anayesafirisha mizigo ya abiria kati ya viwanja viwili vidogo vya ndege. Angani ni dakika arobaini. Kwa barabara ni kilomita mia tatu, saa sita mvua isiponyesha. Ndege hiyo ndogo haibebi kila kitu, kwa hiyo mzigo mzito hutangulia na Kobe tangu alfajiri, ili mwenyewe akitua aukute. Wapakiaji ndio waliompa jina hilo, wala halimkeri.

"Wanicheke tu," anasema. "Lakini waulize, nani hufika kwanza?"

Leo utani haumkai mdomoni. Nyuma ya gari, ndani ya blanketi alilolitoa kitandani kwake, kuna kiti cha magurudumu cha betri. Mwenyewe ni mkunga mstaafu anayerudi nyumbani baada ya miezi minne hospitalini. Ngazi za ndege anazimudu kwa kushikilia, ila kutembea hawezi. Jana alimshika Kobe mkono.

"Mwanangu, nimebebwa mgongoni kama gunia, inatosha. Kwetu nataka niingie nimekaa."

Kobe akaahidi, na ahadi ni deni. Mama yake mzazi alibebwa hivyo hivyo hadi mwisho wake, akiona haya hata mbele ya wajukuu. Kobe hajaisahau ile sura.

Daraja linafunguka saa tatu. Zikiwa zimebaki kilomita ishirini na kitu, ndege inapita juu yake. Anainua macho, anaguna, anakanyaga mafuta.

Anaingia uwanjani saa tano, ndege imeshatua zamani. Abiria wametawanyika. Rubani amejikunyata kwenye kivuli cha bawa, na mtoto wa kiume wa mkunga anazunguka huku na huko. Mkunga hajashuka.

"Nimembembeleza wee!" rubani anasema. "Namwambia mwanao atakubeba, ananijibu, basi nirudishe ulikonitoa."

Sauti inatoka ndani. "Kobe kafika?"

"Nimefika, mama. Nisamehe."

"Kawia ufike, mwanangu. Nimezalisha watu miaka thelathini, kusubiri nakujua."

Kobe anakisogeza kiti hadi chini ya ngazi. Mkunga anashuka polepole, anakaa, anabonyeza kitufe. Kiti kinanguruma na kuondoka. Mwanawe anakimbilia kusukuma.

"Niache!"

Kobe anavua kofia na kujifuta uso, jasho na machozi kwa pamoja. "Afadhali," anasema. "Afadhali jamani."

Ana mpango wake pia. Katika miaka kumi na moja ya kazi hii hajawahi kupanda ndege. Akipata likizo, atasafiri na mkewe, mikono mitupu. "Nataka lile daraja nilipite juu, bila kumwomba mtu."

Mkunga, aliyekwisha fika kwenye lango la uwanja, anageuza kiti.

"Siku hiyo uniambie, nije kukupokea," anasema. "Na nitafika kabla yako."