Siku Tulipokaribia Kusema Hatuhitaji

Keti kidogo nikueleze jambo ambalo wengi wanadhani ni gumu. Si gumu. Hapa Louisville, mtu akitaka kufungua hospisi, yaani huduma ya wauguzi wanaokuja nyumbani kumtunza mgonjwa asiyetarajiwa kupona, serikali ya jimbo huuliza kwanza: je, wananchi wanaihitaji? Hutazama watu wangapi wamefariki katika eneo, na wangapi kati yao walihudumiwa na hospisi. Pengo likiwa kubwa, uhitaji upo. Kisha huwasikiliza watu wenyewe katika kikao cha hadhara, ndipo hutoa kibali au hukataa.

Shemeji yangu wa Columbus alicheka. "Kwetu Ohio hospisi haiombi kibali hicho. Ninyi mnaomba ruhusa hata ya kufa?"

Mimi sikucheka. Mama mkubwa, dada wa mama yangu, alikuwa na saratani ya mifupa. Hospisi iliyokuwepo ilikuwa na wauguzi wachache. Maumivu yakimshika Ijumaa, muuguzi alifika Jumatatu. Hospisi nyingine ilikuwa imeomba kibali. Nilitaka ikipate kabla hajatutoka.

Nikawaomba watu wa kanisa letu waje kwenye kikao. Walijaa, suti na vitenge, kama wanaokwenda harusini. Mzee wa kanisa akasimama, mkalimani pembeni yake.

"Bon, sisi Wakongomani tunachungaga wagonjwa yetu wenyewe. Kwetu mutu hakufake peke yake. Mama wanapika, wanaimba, wanalala palepale chini."

Watu wetu wakapiga makofi. Wakili wa hospisi ya zamani, iliyopinga nyingine isipewe kibali, naye akapiga makofi. Hapo nikashtuka. Tulikuwa tumefanya kama tulivyolelewa: mbele ya mkubwa hulalamiki, wala huiaibishi familia.

Afisa wa jimbo aliyeongoza kikao akauliza, "Kwa hiyo hamhitaji huduma nyingine?"

Nikasimama. "Mheshimiwa, yote aliyosema mzee wetu ni kweli. Mama mkubwa hajawahi kuachwa peke yake. Lakini sisi tunaoimba hatujui kipimo cha morfini ya kutuliza maumivu. Jumamosi iliyopita tuliimba kwa nguvu ili majirani wasisikie anavyolia."

Mzee akanigeukia. "Weye binti, hiyo ungetuambia kanisani."

"Nilidhani mlikuwa mnamsikia, baba."

"Tulimusikia." Akaomba tena kipaza sauti, akamtazama afisa. "Andika na hiyo. Nilikuwako. Niliimba."

Baada yake wakasimama wengine, mmoja mmoja, na kila mmoja alikuwa na usiku wake wa kusimulia.

Kibali kilitoka mama mkubwa akiwa bado anaongea. Muuguzi wa hospisi mpya alipobisha hodi mwisho wa wiki, mama mkubwa alimtazama kutoka kitandani, akasema, "Kumbe leo munafanyaka kazi? Basi ingia, mwanangu, unipe dawa."

Kwa hiyo wewe uliye Buffalo, ambako nako jimbo hupima uhitaji, au popote ulipo: ukisikia kikao cha namna hii kimetangazwa, nenda. Usiishie kueleza mnavyopendana. Sema mgonjwa wako aliumia lini, ulimpigia nani simu, na ulisubiri muda gani hadi mtu akaja.