Kopo la Koko na Risasi Iliyopinda

Sisi tuliokulia Mapendo, mtaa wa Goma, kabla mlima wa moto haujateremka mjini tulizijua risasi mapema kuliko jedwali la kuzidisha. Sisemi hilo kwa kujisifu. Nasema kwa kuchoka. Maganda yalikuwa vitu vyetu vya kuchezea. Ukilipuliza ganda kwenye mdomo wake lilitoa mlio mkali wa filimbi. Ukiwa na mawili ulipata biye moja, gololi ya kioo, na ukiwa na kumi ulikuwa mtu wa kuheshimiwa. Mwalimu alitunyang'anya asubuhi, mchana tukarudi na mengine. Waasi walikuja, waasi wakaondoka, wakaja wengine wenye jina jipya na mabuti yaleyale, na kila kundi lilituachia maganda barabarani kama mti unavyoacha majani.

Lakini nyumbani kwetu kulikuwa na risasi za aina nyingine, na hizo hazikuchezewa.

Zilikuwa za Koko, babu yangu mzaa mama. Ujana wake aliwabebea wawindaji bunduki; utu uzima wake aliumalizia Rumangabo, kwenye hifadhi, akilinda wanyama walewale aliokuwa ameona wakiangushwa. Alirudi Goma na goti bovu, koti la kaki na kopo la maziwa ya unga. Ndani ya kopo mlikuwa na risasi saba, kila moja imefungwa kwa kitambaa cha kaki. Zote alizitoa kwa kisu chake kwenye mizoga ya nyati na tembo.

Kopo lilifunguliwa Jumapili tu, baada ya misa na baada ya bugali na sambaza, visamaki vya ziwani, wa kukaanga. Mama alifuta meza, Koko akaweka juu yake kipande cha kioo cha dirisha, kisha akaniita.

"Furaha, kuja. Funga macho."

Aliniwekea risasi kiganjani. Nilipaswa kusema ni ipi kwa uzito na kwa umbo la pua yake. Nikikosea alinipa ileile tena, bila kunigombeza, mpaka nipate. Siku moja alinifundisha kutofautisha shaba na chuma kwa ncha ya ulimi, na Mama akapiga kelele kutoka jikoni: "Papa! Usimutie mutoto vyuma mu kinywa!"

Alinieleza kwamba kuna risasi zenye pua laini, ambazo zikiingia mwilini hufunguka kama ua. Hizo ni za swala. Mnyama mwenye mfupa mzito ukimpiga kwa risasi ya namna hiyo, inapasukia begani, na umeamsha hasira tu. Nyati na tembo walitaka risasi nzima. Hivyo ndivyo alivyoiita: nzima, isiyofunguka, inayopasua mfupa na kuendelea na njia yake, ukaikuta chini ya ngozi ya upande wa pili ikiwa na sura ileile iliyoondoka nayo.

Hata hizo nzima hazikuwa sawa. Alizipanga juu ya kioo na kuzilinganisha kama mama anavyolinganisha nyanya sokoni. Tuliangalia kwanza matako ya risasi: yakiwa wazi, madini laini ya ndani yalikuwa yamebanwa mpaka yakatoka kidogo, kama dawa ya meno. Halafu tulipitisha sumaku aliyoing'oa kwenye redio iliyokufa. Zilizovishwa chuma ziliruka zikaikumbatia. Ile ya shaba ya manjano, iliyochongwa kwa kipande kimoja, ilibaki palepale kama bibi harusi mwenye kiburi. Pua bapa ilikwenda moja kwa moja kuliko pua ya mviringo, alisema. Mwisho tuliziviringisha. Iliyonyooka ilitembea juu ya kioo mpaka ukingoni. Iliyopinda ilikata kona.

Iliyopinda ilikuwa moja. Vazi lake la chuma lilikuwa jembamba. Ilipogonga mfupa wa nyati ilijikunja na kupotea njia. Nyati akageuka. Mwenzake Koko, Kambale, alikuwa mbele. Koko aliiviringisha hiyo ya mwisho kila Jumapili, akaitazama inavyokata kona, kisha akaifunga polepole kuliko nyingine.

Wiki moja, nyuma ya ukuta wa mawe meusi wa shule, niliokota risasi ya vita. Haikuwa ganda. Ilikuwa kamili, na baruti yake tumboni, nyembamba, inang'aa, ncha yake kama penseli mpya. Mtoto mwingine angeiuza kwa biye ishirini. Mimi nilifikiri jambo ambalo mjukuu wa Koko pekee angelifikiri: Jumapili ailinganishe na zake. Nilitaka niione imelala juu ya kioo, nimsikie akisema ni nzuri. Nilichana upindo wa sketi yangu ya shule, nikaifunga kwa kitambaa cha buluu na kuiweka ndani ya kopo, ya nane. Ilikuwa Jumatano.

Alhamisi mlima ulipasuka.

Mnaokumbuka mnakumbuka: harufu ya viberiti, jivu kwenye nywele, ardhi ikitetemeka chini ya nyayo kama mgongo wa ng'ombe anayefukuza nzi. Mama alibeba sufuria na godoro. Koko alibeba kopo chini ya koti.

"Papa, vyuma tena? Beba mufuko ya maharagi!"

"Maharagi iko kila mahali," akajibu, na goti lake likaanza safari ya kwenda mpakani mwa Rwanda.

Katikati ya njia, vijana wenye bunduki walikuwa wamefunga kamba barabarani. Walipekua mizigo huku moshi ukipanda nyuma yetu. Mmoja aligonga koti la Koko, likalia kama sahani. Alilitoa kopo akampelekea mkubwa wake, mwanamume mwenye macho mekundu aliyekaa juu ya bidoni ya manjano ya maji. Vitambaa vilifunguliwa kimoja kimoja. Kaki. Kaki. Kaki. Halafu buluu.

Mkubwa aliinua risasi yangu kwa vidole viwili.

"Muzee. Bunduki yake iko wapi?"

Koko aliitazama risasi. Aliutazama upindo wa sketi yangu. Kwa mara ya kwanza nilimwona akidanganya juu ya risasi.

"Niliiokota. Bunduki sina."

"Kaa chini."

Alikaa kwenye vumbi, goti bovu limenyooka mbele. Nilijua maana ya mzee kukalishwa chini barabarani; sote wa umri wetu tulijua. Mama alinishika bega, lakini sauti yangu ilikuwa imekwisha kutoka.

"Ni miye! Niliiweka miye. Nilitaka Koko ailinganishe."

"Ailinganishe na nini?"

"Na zake. Za nyati na za tembo."

Vijana walicheka. "Papa wa matembo!" mmoja akasema. Mkubwa hakucheka. Alivuta chukudu ya mtu mmoja, baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, akailaza, akazimwaga risasi juu ya ubao wake. "Ailinganishe basi. Akisema uongo nitajua."

Koko alianza. Aliinua ya kwanza. Hii ya nyati, matako wazi, tazama ilivyobanwa. Hii ya tembo, shaba tupu, sumaku haiitaki. Aliiviringisha, ikatembea mpaka mwisho wa ubao. Watu waliokuwa wakisukumana wakisubiri kupita wakasogea, wengine na magodoro kichwani, wakatazama. Akafika ya nane. Hiyo hakuiviringisha. Aliipima kiganjani.

"Hii ina ncha. Ikiingia mu mwili inapinduka. Haikutengenezwa kwa nyati."

"Ilitengenezwa kwa nani?"

"Weye ndjo unajua, papa," Koko akamjibu.

Mkubwa alimtazama Koko, kisha akatazama juu ya vichwa vyetu, kule moshi ulikotoka, na uso wake ukawa wa mtu ambaye hajalala mwaka mzima. Aliitia risasi yangu mfukoni.

"Simama, muzee. Pita. Kopo linabaki." Halafu, kama mtu anayemtupia mbwa mfupa: "Chukua moja ya kukumbuka."

Nilijua atachukua ya tembo. Ilikuwa kamilifu. Koko aliinama, mkono ukapita juu ya ya tembo, ukapita juu ya nyingine zote, ukachukua iliyopinda.

Tulivuka mpaka. Kule Gisenyi, kwenye majani, nilianza kulia na sikujua niombe radhi kwa maneno gani. Alinifungua vidole, akaiweka kiganjani mwangu.

"Na hii ilikosea," akasema. "Nimeiweka miaka yote."

Tuliporudi, nyumba ya Mapendo ilikuwa chini ya mawe yaliyomwagwa na mlima, na kioo cha dirisha pamoja nayo. Koko alifariki mtaani Ndosho, katika nyumba ya mbao, miaka michache baadaye. Jumapili zake za mwisho alifuta meza kwa kiganja na kukaa mbele yake, hana cha kupanga.

Juzi nilimwonyesha mtoto wa kaka yangu ile iliyopinda. Ana miaka kumi na mbili. Aliipiga picha kwa telefone, akasubiri imtajie ni nini, akakunja uso. "Tantine, telefone haiijui." Nikamwambia afumbe macho. Alifumba moja. Tulikuwa bado tunabishana juu ya jicho la pili uliposikika mlio upande wa milima, na bila kugeuka akanitajia jina la bunduki, kwa sauti ileile anayoagizia sukari dukani. Hakukosea. Watoto wa leo hawakosei. Wana sikio tusilokuwa nalo sisi, na hakuna aliyeketi nao Jumapili kuwafundisha.

Nilimwambia aiviringishe. Ilitembea kidogo juu ya meza, kisha ikakata kona kuelekea kwangu. Akacheka, akaomba tena. Nikampa tena.